Jicho angani: kununua picha, kusomea, kuagiza kisanduku au kusaini mkataba mzima?

Ukiagiza gari Japani, siku moja utalipokea Mombasa au Dar es Salaam, na wakala wako atahangaika nalo forodhani. Satelaiti haina siku hiyo. Unasaini, unalipa, mnapiga picha na waziri, kisha mzigo unatoka kiwandani kwa muuzaji kwenda uwanja wa roketi, mara nyingi katika nchi ya tatu, na huko ndiko mnakoagana. Walioandika kitabu cha ushuru hawakuisahau hata hivyo: imo kwenye kifungu 8802.60, nyumba moja na ndege na helikopta. Mnunuzi anabaki na makaratasi, na makaratasi hayo ndiyo yatakayoamua kama ana satelaiti au ana hadithi ya satelaiti.

Tuseme uko wizara ya kilimo, au chuo kikuu, au kampuni ya ramani. Unataka kuona mashamba, misitu na mafuriko kutoka juu, na kila anayekuja ofisini kwako ana njia yake ya kukuuzia. Njia kubwa ziko nne. Nitazipima zote kwa mizani ileile. Nalenga satelaiti za kupiga picha za dunia. Za mawasiliano zitaingia kwenye njia ya nne, kwa kuwa huko ndiko mikataba mikubwa ya Afrika ilikovunjika na kuungwa upya hadharani.

Mizani yenyewe

Kwanza, gharama na muda. Bei ya chombo ni sehemu tu ya hesabu. Ongeza nauli ya roketi, bima, antena na kituo cha ardhini, na mishahara ya watu watakaokaa zamu satelaiti ikipita saa tisa usiku. Muulize muuzaji: picha ya kwanza itafika mezani kwangu lini, na mwaka wa tatu nani analipa?

Pili, vibali, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapolala. Tarehe 15 Februari 1996, roketi ya China aina ya Long March 3B iliyobeba satelaiti ya Kimarekani, Intelsat 708, iliinama mara tu ilipoachia uwanja wa Xichang ikaanguka mlimani. Wataalamu wa kampuni za Marekani walishiriki kuchunguza ajali ile, na Washington kukazuka zogo kwamba siri zimevuja. Kuanzia 1999 Marekani iliziweka satelaiti za biashara na vipuri vyake kwenye orodha moja na silaha. Novemba 2014 nyingi zilirudishwa kwenye orodha nyepesi iliyo chini ya Wizara ya Biashara, lakini mlango wa China haukufunguliwa: chombo chenye vipuri vya Kimarekani vilivyo kwenye orodha hizo hakipandi roketi ya China. Maana yake, kipuri ambacho hukukitia hata maanani wakati wa zabuni kinaweza kukuamulia utarukia wapi.

Vibali vina upande wa pili, wa kwako mwenyewe. Mkataba wa kimataifa wa 1972 kuhusu dhima ya madhara ya vyombo vya angani unaihesabu pia nchi inayoagiza chombo kirushwe kuwa ni nchi iliyorusha. Si mwenye roketi peke yake. Mwaka 1978 satelaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, iliangukia kaskazini mwa Canada. Canada ilidai takriban dola za nchi hiyo milioni 6, na 1981 Wasovieti wakalipa milioni 3. Kisanduku cha sentimita 10, yaani satelaiti ndogo ya siku hizi, hakina nyuklia, lakini saini ni saini. Tena kuna masafa ya redio: lazima mamlaka yako ya mawasiliano iyapeleke kwenye shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, Geneva, na foleni ya huko haina njia ya mkato.

Tatu, hasara ikitokea inamwangukia nani. Kuna mkataba unaokukabidhi chombo kiwandani, na kuna unaokukabidhi kikiwa tayari angani kinafanya kazi. Tofauti ya sentensi hiyo moja inaweza kuwa bei ya satelaiti nzima.

Nne, kinachobaki nyumbani. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka anga za mbali. Roketi ilikuwa ya Marekani, satelaiti ya Marekani, jukwaa la Italia. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, waliipa jina Uhuru. Sisi tulibaki na jina. Kipimo hiki cha nne kinauliza kama safari hii tutabaki na zaidi ya hapo.

Njia ya kwanza: kuchukua picha za wenzako

Gharama na muda. Picha za Landsat za Marekani zimekuwa bure tangu 2008. Sentinel-2 za Ulaya nazo ni bure, nukta moja ya picha ikiwa mita 10 ardhini, na satelaiti mbili zikifanya kazi pamoja zinarudi mahali palepale kila siku tano hivi. Ukitaka ukali zaidi unalipia: kampuni ya Planet inauza picha za mita 3 zinazopigwa karibu kila siku. Gharama yako halisi ni kompyuta, intaneti na watu wanaojua kusoma picha. Unaweza kuanza wiki hii. Kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, RCMRD, pale Kasarani, Nairobi, kimekuwepo tangu 1975, na nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zinapeleka watu wao huko kujifunza kazi hii.

Vibali. Hakuna roketi, hakuna Geneva. Ila jicho la kuazima lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kulifumba. Kwa zaidi ya miaka 20 sheria ya Marekani ilizizuia kampuni zake kuuza picha kali za Israel, mpaka kikomo kilipolegezwa 2020. Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda Ukraine kupata picha za kampuni za Kimarekani kupitia mfumo wake. Kwa anayepima mahindi Mbeya hatari hiyo ni ndogo. Kwa anayelinda mpaka, si ndogo.

Hasara. Kikiharibika huna cha kupoteza, na huna pa kudai. Satelaiti ya rada Sentinel-1B ilizimika Desemba 2021, na ya kuziba pengo lake, Sentinel-1C, ikarushwa Desemba 2024. Waliokuwa wakitegemea rada hiyo kuona chini ya mawingu, kama wanaofuatilia misitu ya Kongo ambako kamera ya kawaida inaona pamba nyeupe tu, walivumilia miaka mitatu wakiwa na jicho moja badala ya mawili. Cha bure hakina risiti.

Kinachobaki. Wasomaji wa picha. Binafsi naona hiki ndicho kitu kinachodharauliwa kuliko vyote, kwa sababu satelaiti ya taifa bila wasomaji hawa ni kamera yenye kifuniko.

Inamfaa mwenye swali la kujibu mwaka huu: mavuno, ukame, ramani ya mji, madai ya bima ya mazao.

Njia ya pili: satelaiti ya kusomea

Japani imefungua mlango huu kuliko wengine. Chuo cha teknolojia cha Kyushu kilianzisha mpango wa BIRDS, ambapo wahandisi vijana wa nchi zisizo na satelaiti wanasomea shahada zao huku wakijenga chombo cha nchi yao. Ghana ilipita hapo 2017. Uganda ikafuata kwa PearlAfricaSat-1, iliyopelekwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga Novemba 2022 pamoja na ya Zimbabwe, ikaachiwa angani Desemba 2. Upo pia mpango wa KiboCUBE wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, ambao ndio ulioipa Chuo Kikuu cha Nairobi nafasi ya kuachia 1KUNS-PF Mei 11, 2018, kikishirikiana na chuo cha Sapienza cha Roma. RwaSat-1 ya Rwanda, iliyojengwa pamoja na Chuo Kikuu cha Tokyo, iliachiwa kutoka kituo hichohicho mwishoni mwa 2019.

Gharama na muda. Washindi wa KiboCUBE hawalipi nauli ya kurushwa. Wanagharimia chombo chao na watu wao. Hesabu miaka miwili au zaidi, kisha maisha mafupi: kituo cha anga kiko urefu wa kilomita 400 hivi, bado kuna hewa nyembamba huko, na visanduku vinavyoachiwa pale huvutwa chini na kuungua baada ya mwaka mmoja au miwili.

Vibali. Mshirika anakubebea mzigo mkubwa. Angalia masafa tu: satelaiti nyingi za vyuo hutumia masafa ya redio ya ridhaa, yaani ya wanaopiga redio kwa kujifurahisha, na hayo hayaruhusiwi kwa biashara. Ukipanga kuuza picha zake umeshakosea kabla ya kuanza.

Hasara. Ndogo kifedha, kwa kuwa lengo ni somo. Chombo kikikaa kimya, wanafunzi wanajifunza kutafuta kwa nini kimenyamaza, na hilo nalo ni somo lenye mitihani yake.

Kinachobaki. Wahandisi ambao mikono yao imegusa kila waya. Uganda iliandaa na kituo cha kuongea na chombo chake pale Mpoma, wilaya ya Mukono. Lakini mhandisi akirudi akakuta hakuna idara, hakuna bajeti, hakuna chombo cha pili, atafanya hesabu zake, na shahada yake inasafiri vizuri sana.

Inakifaa chuo kikuu na nchi inayofungua ukurasa wa kwanza. Haimfai kabisa waziri anayetaka takwimu za msimu ujao.

Njia ya tatu: kisanduku cha kiwandani

Siku hizi kuna viwanda vinavyouza mwili wa satelaiti ndogo kama wanavyouza chesisi ya lori: unachagua ukubwa, unafunga kamera yako juu. Kenya ilipita njia hii na Taifa-1, iliyoundwa na wataalamu wa Kenya pamoja na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, ikarushwa Aprili 15, 2023 kutoka Vandenberg, California, kwa roketi ya Falcon 9.

Gharama na muda. Gharama iliyotangazwa ya Taifa-1 ni shilingi milioni 50 za Kenya, na kazi ilichukua miaka miwili hivi. Fedha hizo hazinunui zaidi ya nyumba moja nzuri mtaa wa Karen. Siri ya bei iko kwenye nauli. Safari ile ilikuwa kama basi la matatu: abiria hamsini hivi ndani ya roketi moja, kila mmoja na mzigo wake. Mwaka 2019 SpaceX, wenye roketi hiyo, walitaja dola milioni 1 kwa kilo 200. Baadaye ikawa unaweza kununua nafasi ya kilo 50 tu. India nayo iliwahi kubeba satelaiti 104 kwa mkupuo mmoja, Februari 2017, nyingi zikiwa za wageni. Sheria ya matatu unaijua. Unashuka inakopita, hairudi nyuma kwa ajili yako, na dereva akisema hatuondoki, hamwondoki: Taifa-1 iliahirishwa mara kadhaa wiki ile kwa hali ya hewa, huku Nairobi watu wakikesha mbele ya skrini.

Vibali. Muuzaji wa Ulaya anafuata kanuni za Umoja wa Ulaya za bidhaa zenye matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi. Ukirukia Marekani unaongeza taratibu za Marekani. Si vikwazo kwa mnunuzi wa kiraia, ila ni miezi ya barua, na ziwekwe kwenye ratiba badala ya kushtukizwa nazo. Masafa na usajili wa chombo ni juu ya nchi yako.

Hasara. Visanduku vya aina hii mara nyingi huenda bila bima, kwa kuwa bima inakula faida yote. Vilevile kiwango cha kufeli kwa satelaiti ndogo si cha kufumbia macho. Anayeingia hapa apange bajeti ya viwili, kimoja akijua kinaweza kufa.

Kinachobaki. Inategemea ulichokataa kununua. Ukinunua chombo, kituo cha ardhini na programu ya kuchakata picha vyote kwa muuzaji mmoja, unabaki na nywila. Ukibuni mwenyewe kazi ya chombo na kuendesha mwenyewe kituo, unabaki na timu. Na usidhani duka liko Ulaya tu: karibu na Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, kilichojenga SunSat iliyorushwa 1999, zimechipuka kampuni zinazouzia dunia kamera na vifaa vya kuelekezea satelaiti. Ajabu ni kwamba wanunuzi wao wengi hawatoki barani humu.

Inaifaa idara ya anga yenye wahandisi kadhaa tayari, au kampuni yenye wateja wa picha waliokwisha kusaini.

Njia ya nne: mkataba mzima

Hapa muuzaji, mara nyingi dola lake likiwa nyuma yake, anajenga, anarusha, anakatia bima, anafundisha watu wako na kukukabidhi funguo. Pengine na mkopo juu.

Gharama na muda. Kwa wadogo wa kundi hili, Ethiopia ilipata ETRSS-1, chombo cha kilo 70 hivi kilichorushwa kutoka Taiyuan, China, Desemba 20, 2019 na kuongozwa kutoka mlima Entoto. Gharama iliyotajwa ni dola milioni 8, China ikibeba 6. Kwa wakubwa, satelaiti ya mawasiliano inazungumzia mamia ya milioni. Angola ilisaini na Warusi 2009. Satelaiti inayofanya kazi ilirushwa Oktoba 2022. Mtoto aliyezaliwa siku ya saini alikuwa anamaliza shule ya msingi.

Vibali. Muuzaji anavishughulikia, na kwa sababu hiyohiyo unaolewa na siasa zake. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, satelaiti 36 za kampuni ya OneWeb ya Uingereza zilikuwa kwenye uwanja wa roketi wa Baikonur, Kazakhstan, zikisubiri roketi ya Soyuz. Warusi walidai dhamana kwamba hazitatumika kijeshi na serikali ya Uingereza iondoe hisa zake. Kampuni ilikataa, ikahamia kwa Wamarekani na Wahindi, na zile 36 zikabaki hukohuko. Kumbuka hao ni matajiri wenye wanasheria. Ukiwa na muuzaji mmoja, roketi yake na mkopo wake, huna mlango wa nyuma.

Hasara. Ajabu, hapa ndipo njia hii inapong'ara. NigComSat-1 ya Nigeria, iliyojengwa na kurushwa na China Mei 2007, ilikata umeme angani Novemba 2008, ikiwa na mwaka mmoja na nusu tu. Ilikuwa na bima, na Desemba 2011 China ikarusha mbadala, NigComSat-1R, bila Nigeria kulipia upya. AngoSat-1 ilirushwa Desemba 26, 2017, mawasiliano yakapotea, mwishowe ikatangazwa imekufa. AngoSat-2 ilijengwa bila Angola kulipa bei nyingine, nao wakapewa nafasi kwenye satelaiti nyingine wakati wakisubiri. Wapo wanaozitaja kesi hizi mbili kama aibu. Mimi nazisoma kama mikataba iliyoandikwa vizuri. Lakini bima hairudishi miaka: Nigeria ilisubiri mitatu, Angola karibu mitano, na wateja hawasubiri pamoja nawe.

Kinachobaki. Kinatofautiana mno. Nigeria yenyewe ina mfano bora kuliko ule wa China: ilipoagiza NigeriaSat-2 kwa kampuni ya Surrey ya Uingereza, wahandisi wake walikaa Guildford, mji wa kampuni hiyo, wakajenga kwa mikono yao chombo cha pili, NigeriaSat-X, na vyote viwili vikarushwa Agosti 2011. Mafunzo yakiwa na chombo chake yanashika. Yakiwa ni semina ya wiki sita yenye vyeti, yanabaki ukutani.

Inaifaa serikali yenye mahitaji ya muda mrefu, fedha za uhakika, na mwanasheria anayesoma viambatisho.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kutumia picha za bure kujibu hata swali moja la kazi, anza na njia ya kwanza, uikae mwaka mzima. Utajua unakosa nini hasa: ukali, marudio, au rada ya kupenya mawingu. Wengi wanagundua walichokosa ni mchambuzi wa pili.

Kama wewe ni chuo na una vijana wanne wenye kiu, omba nafasi ya njia ya pili, lakini kabla hawajapanda ndege hakikisha kuna kazi zinazowasubiri zilizoandikwa kwenye bajeti. Unaweza kuichanganya na ya kwanza bila mgongano wowote.

Kama timu ipo tayari na pengo unalijua, mathalani picha za eneo lako kwa saa ambazo satelaiti za wengine hazipiti, kisanduku cha kiwandani kinaeleweka. Weka fedha za chombo cha pili kando kabla ya kusaini cha kwanza, na uwasumbue watu wa masafa mapema kuliko unavyoona haja.

Kama unabeba mawasiliano ya taifa zima, au picha ambazo hutaki jirani ajue umeziomba, utaishia njia ya nne. Gawa mayai pale unapoweza: kituo cha ardhini kisichofungwa kwa muuzaji mmoja, na ruhusa ya kubadili roketi. Na rasimu ikifika mezani, ruka ukurasa wa bei kwanza. Tafuta kipengele cha makabidhiano, uone mzigo unakuwa wako roketi ikiwa bado imesimama uwanjani, au baada ya satelaiti kuitwa kutoka ardhini na kuitika.